Sura ya Sita: Doa Hai na Doa Mfu

Jani la mchicha likidhurika leo, wiki ijayo limeshaingia chunguni. Jani la mshubiri hukaa kwenye shina lake miaka, na kila lililolipata hubaki likionekana: ukucha wa paka, jua la siku moja ya Februari, tone la sabuni, mdudu aliyekwisha kufa zamani. Sehemu ya jani iliyokufa haifufuki. Mmea huizungushia tabaka la seli ngumu, ukaitenga, ukaendelea na maisha yake. Kwa hiyo anayetazama doa kwenye sakulenti mara nyingi anatazama jambo lililokwisha kutokea. Kabla ya kuuliza apige dawa gani, aulize doa lilianza lini na kama bado linakua.

Ni wachache wanaouliza hivyo. Doa linaonekana, picha inapigwa, inapelekwa duka la pembejeo, na muuzaji ambaye hajauona mmea wala dirisha unapokaa anatoa pakiti ya dawa ya ukungu. Dawa inapigwa. Doa halitoki, kwa kuwa doa halitoki kamwe, basi inapigwa tena kwa kipimo kikubwa zaidi, na safari hii hata majani yaliyokuwa mazima yanaungua. Madoa mengi ninayoletewa si ugonjwa. Yametokana na jua, maji, chumvi, wadudu, na pengine dawa yenyewe.

Na mengine ni sura tu ya mmea.

"Shikamoo mama. Huu mmea unaumwa tangu niununue," kijana mmoja aliniambia, chungu kakipakata kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Ulipoununua haukuwa na mabaka haya?"

"Yalikuwepo. Aliyeniuzia alisema nikimwagilia vizuri yataisha."

Alichokuwa ameshika ni Kalanchoe marmorata, mmea unaojiotea wenyewe porini Afrika Mashariki, wenye majani mapana ya kijani kilichofifia yaliyotapakaa mabaka ya zambarau. Mabaka hayo ndiyo yanayoufanya ununuliwe. Mshubiri mchanga nao una vidoa vyeupe ambavyo hupungua ukikua, na Haworthia na Gasteria huzaliwa na vipele vyeupe na kufa navyo. Alama ya asili unaitambua kwa mpangilio wake: imo katika kila jani, kubwa na dogo, hadi lile lililochomoza juzi. Madhara hayana nidhamu hiyo.

Hatua inayofuata ni kitambaa. Chukua kipande cha pamba au kitambaa laini, kiloweshe kidogo, pangusa. Utashangaa ni madoa mangapi yanaishia hapo. Krasula, ule mti mdogo wa majani ya mviringo mazito ambao wauzaji wengi huuita jade, hutoa vidoa vyeupe vidogo sana juu ya jani, hasa karibu na ukingo. Ukivitazama kwa karibu utaona vimekaa juu ya vitundu vidogo vilivyopangwa kwenye ngozi ya jani. Kupitia vitundu hivyo mmea hutoa maji ya ziada, maji yakikauka chumvi zake zinabaki. Unapangusa, zinatoka, baada ya wiki kadhaa zinarudi. Hakuna cha kutibu. Mmea ulioshiba maji ya kisima utaonyesha zaidi, na katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari, ambako visima vingi vina chumvi, krasula huweza kuonekana kama imemwagiwa chokaa. Maji ya namna hiyo yana dalili nyingine zilizo nzito zaidi: ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na ukingo wa chungu cha udongo hujaa ukoko mweupe. Hapo kinga maji ya mvua, umimine kwa wingi hadi yapite chini ya chungu na kuondoka na chumvi iliyojikusanya, halafu uache udongo ukauke.

Kama kitambaa kimetoka cheusi, ni masizi ya ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa wadudu. Usihangaike na masizi, watafute wadudu. Sisimizi watakuonyesha njia, maana huwafuga vidung'ata kwa ajili ya utomvu huo na huwafuata hadi kwenye maungio ya majani, mahali ambapo jicho la haraka halifiki. Vidugamba ni wagumu zaidi kuwatambua. Juu ya mshubiri huonekana kama vidoa vyeupe vilivyotulia, havisogei, na mtu anaweza kuviona mwezi mzima akidhani ni fangasi. Ukucha unamaliza ubishi: kwangua kimoja. Kikitoka kizima na kuacha alama ya njano chini yake, alikuwa mdudu. Pamba yenye spiriti inatosha kuwaondoa wote wawili kwenye mmea mmoja wa nyumbani, mradi urudie baada ya siku chache kwa ajili ya walioanguliwa. Maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini nayatumia kwa tahadhari. Krasula haipendi sabuni, na Echeveria, iliyopakwa nta ya asili ya kijivu juu ya majani yake, ikimwagiwa mafuta nta hiyo huharibika na hairudi kwenye jani lilelile. Hata kidole kinatosha. Wapo wanaoleta Echeveria yenye "ugonjwa" ambao, ukiuweka kwenye mwanga, una umbo la dole gumba.

Doa lisilopanguswa wala kukwanguliwa limo ndani ya jani. Hapo naangalia limekaa upande gani.

Doa la jua hukaa pale jua linapopiga: kwenye mgongo wa jani, au pale jani linapopinda na kutazama juu. Huanza kwa weupe uliopauka, kisha huwa rangi ya maziwa yaliyoungua, kavu, gumu kidogo, lenye mpaka ulio wazi. Mara nyingine mpaka huo unafuata kivuli cha jani la juu yake kwa usahihi kiasi kwamba unaweza kuuzungusha mmea taratibu hadi ukajua jua liliingilia dirisha lipi. Doa hilo ni kama kovu la chanjo begani: linaonyesha kuna siku ulichomwa, halisemi lolote kuhusu afya yako ya leo.

Watu hubisha hapa. Mmea wa jangwani utaunguaje na jua? Unaungua kwa sababu mbili. Kwanza, sakulenti nyingi hufunga matundu ya majani mchana na kuyafungua usiku. Usiku hupokea hewa ya ukaa, huihifadhi kwa namna ya asidi, na kukipambazuka huitumia kutengeneza chakula huku milango imefungwa. Ni njia nzuri ya kubana maji, lakini jani linalotoa mvuke mchana hujipoza, na jani lililojifunga halijipozi. Pili, mmea ulionunua haukulelewa jangwani. Umekulia chini ya nyavu za kivuli kitaluni, ngozi yake ni laini, na wewe umeutoa huko umeuweka juu ya ukuta wa baraza saa sita mchana. Uzoeshe kwa wiki mbili hivi. Anza na jua la asubuhi, saa moja hadi saa tatu, halafu uongeze. Wekundu unaotokea kwenye kingo za majani wakati huo si doa. Ni rangi ambayo mmea unajitengenezea kujikinga, na wengi tunaipenda.

Kuna kosa moja linalotoka moja kwa moja kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani. Vitabu hivyo vinashauri dirisha la kusini, kwa kuwa kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko chini ya njia ya jua. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, hupata jua la adhuhuri upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, kisha jua huhamia kusini. Baraza inayotazama kusini, ambayo mimea yake imeishi kivulini kipindi chote cha upepo wa kusi, Desemba hupigwa na jua la mshazari asubuhi na jioni. Hakuna mtu aliyekihamisha chungu. Aliyehama ni jua. Anayeniambia "mmea haujasogezwa hata kidogo, lakini umetoka madoa" namuuliza kwanza ni mwezi gani, halafu baraza yake inatazama wapi.

Nyanda za juu zina tatizo la kinyume. Nairobi, Limuru, Lushoto, Njombe: Juni hadi Agosti mbingu imefunga, hewa ni baridi na nzito, na mwenye nyumba anaendelea kumwagilia kila Jumamosi kama alivyozoea Februari. Mizizi inavuta maji, majani hayayatoi, seli zinavimba hadi zinapasuka. Upande wa chini wa jani la krasula au kalanchoe unatoka vipele vidogo vilivyojaa maji, ambavyo baadaye hukauka na kuwa magaga ya kahawia. Ukivipapasa ni vya kukwaruza. Haviambukizi mmea wa jirani, na dawa yoyote utakayopiga ni hasara tupu. Punguza maji, sogeza chungu kwenye mwanga, subiri majani mapya.

Kuhusu kusubiri, nina njia moja ambayo naiamini kuliko macho yangu. Chukua maka peni yenye ncha nyembamba, uchore mstari juu ya jani lenyewe kufuata mpaka wa doa, na uandike tarehe kwenye kijiti ukichomeke kwenye udongo. Usifanye kingine. Baada ya siku saba rudi utazame. Doa likiwa bado ndani ya mstari, kavu na tulivu, ni doa mfu, na chanzo chake kimeshapita au kinahitaji tu kurekebishwa. Likiwa limevuka mstari, kuna kiumbe humo ndani kinakula. Picha ya simu husaidia, lakini mwanga na umbali wa picha mbili haulingani kamwe, na mtu mwenye wasiwasi huona ukuaji hata pasipo na ukuaji. Mstari wa wino haudanganyi. Tofauti moja tu: doa laini na la majimaji lisingoje wiki. Nitalifikia.

Doa hai ninaloliona zaidi ni la chule kwenye sansevieria. Mmea huu wa majani marefu yaliyosimama wima, asili yake Afrika Magharibi hadi Kongo, ni ndugu wa ile mikonge ya mwituni inayofunika ardhi Tsavo na Mkomazi, na sifa yake ya kutokufa imewafanya watu wasiutazame kabisa. Chule huanza kama kidoa cha mviringo chenye kijani kilicholowa, hafifu, rahisi kudhania ni tone la maji. Hakipanguki. Kinapanuka, katikati panabonyea, rangi inageuka kahawia yenye wekundu, na madoa mawili ya jirani yanaungana na kuwa bonde moja. Chukua lenzi, au geuza kamera ya simu uivute karibu: ndani ya bonde utaona vitone vyeusi, vidogo kuliko ncha ya pini, pengine vimejipanga kwa duara ndani ya duara. Hizo ndizo nyumba za spora. Kuvu wake ni Colletotrichum sansevieriae, aliyeelezwa kisayansi Japani mwaka 2006. Ukoo wake tunaujua siku nyingi. Ndugu yake mmoja huchafua maembe, na mwingine, chulebuni, aligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na tangu hapo amewasumbua wakulima wa kahawa wa nchi hizi.

Spora za chule zimo kwenye ute, hazipeperuki hovyo. Zinahitaji tone la maji lizirushe kutoka jani hadi jani, na zikishatua zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa ndipo ziote na kupenya. Kinga nzima imo ndani ya sentensi hiyo. Anayemwagilia kwa mpira wa maji kutoka juu, jioni, vyungu vimebanana, anazirusha, anazilowesha na kuzilaza usiku kucha. Anayemimina maji chini kwenye udongo asubuhi, na kuacha nafasi ya upepo kati ya chungu na chungu, anaweza kukaa na mmea wenye chule kwa miaka bila jirani yake kuambukizwa.

Kutu ya mshubiri, inayoletwa na Uromyces aloes, ni rahisi kuitambua ikiwa mbichi. Vidoa vyake vina kitovu kilichovimba, na ukikipangusa kwa karatasi nyeupe unabaki na unga wa rangi ya chungwa au kahawia. Baadaye jani huwa gumu na jeusi pale palipokuwa na kutu, doa hufa, na mmea hauonekani kujali sana. Ubwiri unga una ujanja wake. Kwenye mikorosho ni unga mweupe unaouona kwa mbali, lakini kwenye kalanchoe na krasula mara nyingi huacha magaga ya kahawia bila unga wa kuonekana, na watu huyachanganya na magaga ya maji mengi. Yatazame yalipokaa. Ya maji mengi hukaa zaidi chini ya jani, ya ubwiri unga huweza kukaa juu, na hutambaa hadi majani mapya hata wakati udongo umekauka.

Sasa lile laini. Doa la bakteria lina majimaji, linabonyea chini ya kidole, mara nyingi linanuka, na linaweza kumaliza jani la mshubiri kwa siku mbili. Usichore mstari. Kata jani chini kabisa, uendelee kukata hadi nyama iliyo safi, na kisu ukifute kwa spiriti kila baada ya mkato. Kidonda kiachwe wazi kikauke, bila maji, siku kadhaa. Wapo wanaopaka unga wa mdalasini, na mdalasini kweli una nguvu dhidi ya baadhi ya kuvu, lakini kazi kubwa hapo inafanywa na ukavu. Mmea ukiwa wa jamii ya mnyaa, jikinge macho: utomvu wake mweupe ni hatari.

Jani la chule nalo hukatwa na kutupwa, lisitiwe kwenye mboji, wala lisikatwekatwe vipande vya kupanda. Watu huonea huruma jani la sansevieria lenye doa juu na uzima chini, wakapanda ule uzima. Wanapanda na ugonjwa. Na kama ni aina ile yenye kingo za njano, hasara ni mbili, kwa sababu kipande cha jani huotesha mche wa kijani kitupu. Kingo za njano hupatikana kwa kugawa shina la chini, si kwa jani.

Dawa za shaba zina nafasi yake, na ni vizuri kujua nafasi hiyo ni ipi. Mwaka 1885 Pierre-Marie-Alexis Millardet, wa Bordeaux huko Ufaransa, alichapisha habari za mchanganyiko wa mrututu na chokaa uliokinga mizabibu dhidi ya ukungu, na dawa za shaba zinazouzwa leo kwa wakulima wa kahawa zinafanya kazi kwa mantiki ileile: zinatandaza ngozi ya sumu juu ya jani zima ili spora ikitua ife. Haziingii ndani kumfuata kuvu aliyekwisha kupenya. Kwa hiyo hupigwa kwenye majani mazima, baada ya mabovu kukatwa, mvua inapokaribia, kwa kipimo cha lebo na jioni jua likiwa limeshuka. Mrututu mtupu usiochanganywa na chokaa huchoma majani. Kwa mtu mwenye vyungu vichache barazani, mimi naona kisu na upepo vinatosha.

Wengine huogopa maji juu ya majani kwa sababu nyingine: wanasema tone hukusanya mwanga kama lenzi na kuchoma. Mwaka 2010 Ádám Egri na wenzake wa Hungaria walilipima jambo hilo na kukuta kwamba tone lililotulia juu ya jani laini haliwezi kuliunguza, maana mwanga wake hukusanyika chini sana, mbali na ngozi. Kwenye majani yenye nywele, ambazo huliinua tone, inawezekana. Tone ni baya kwa sababu ya spora na bakteria, na kwa Echeveria na Haworthia ni baya zaidi linapokaa kitovuni ambako halikauki. Likiingia, linyonye kwa ncha ya tishu.

Pwani wakati wa masika hata asiyemwagilia anapata majani yaliyolowa. Ondoa vyungu chini ya mchirizi wa paa na chini ya bomba la kiyoyozi, ambalo hudondosha mchana kutwa na usiku kucha mahali pamoja. Toa majani makavu yaliyoganda chini ya shina, kwani hushika unyevu. Sahani za chini ya vyungu ziondoe kabisa hadi Juni. Udongo uwe na kokoto ndogo na mchanga wa mto kuliko mboji, na usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi. Walio karibu na Naivasha wana bahati ya jiwe jepesi la volkano la Longonot, linalopitisha maji kuliko yote hayo. Echeveria, ambayo nyingi zimetoka milima ya Meksiko yenye usiku wa baridi, itateseka Tanga hata ufanye yote haya. Kalanchoe na mishubiri ya kwetu haitateseka. Na zile chupa za kioo zenye mfuniko, zilizopangwa sakulenti na kokoto za rangi, sioni kwa nini bado zinauzwa.

Mmea mgeni ukae peke yake wiki tatu kabla ya kujiunga na wengine. Lakini uchunguzi uanzie palepale kitaluni kando ya barabara. Inama utazame majani ya chini kabla ya yale ya juu, kisha upande wa chini wa jani, kisha kitovu. Makovu makavu kwenye majani ya chini na kitovu safi ni mmea uliopona: unaweza hata kupunguziwa bei. Majani ya chini mazuri na kidoa kilicholowa kwenye jani jipya, rudisha chungu mahali pake, na uwatazame vizuri waliosimama jirani nacho.